Kompyuta ya gari la umeme huzeeka kabla ya gari lenyewe

Kila inapotoka habari kwamba kampuni fulani ya magari ya umeme imeboresha skrini ya kugusa, imeweka kompyuta yenye kasi zaidi au imeleta kivinjari kipya cha intaneti kwenye dashibodi, huku kwetu Mwanza hupokelewa kama mambo ya wenye nazo. Wapo wanaoishangilia kama wanavyoshangilia simu mpya. Wapo wanaoipuuza: sisi tunahangaika na bei ya mafuta na barabara za mitaani, wao wanazungumzia kuangalia filamu ndani ya gari. Pande zote mbili zinakosea jambo lilelile, maana zote zinaichukulia skrini kuwa pambo. Hoja yangu ni kwamba kompyuta ya dashibodi katika gari la umeme ni kifaa kinachochakaa, tena kinachakaa mapema kuliko bodi na mota. Na kwa kuwa wengi wetu kanda ya ziwa tutayapata magari haya yakiwa yameshatumika ughaibuni, uwezekano wa kuibadilisha kompyuta hiyo ndio utakaoamua kama gari litapiga kazi hapa miaka kumi na tano au litaegeshwa uani likiwa bado zima.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Tesla, kampuni ya Marekani ya magari ya umeme. Model S ilipoingia sokoni mwaka 2012, skrini yake ya inchi 17 iliwashangaza watu, na vitufe karibu vyote vya dashibodi viliondolewa. Nyuma ya skrini hiyo kulikuwa na kichakataji cha Nvidia Tegra 3, ndio ubongo wa kompyuta, na chipu ya kumbukumbu ya GB 8. Chipu za namna hiyo haziandikwi bila kikomo: kila sehemu yake inavumilia idadi fulani ya kufutwa na kuandikwa upya, kisha inakufa. Programu ya gari ilikuwa inaandika kumbukumbu za mwenendo wake kwenye chipu ileile muda wote gari likiwa kazini, na baada ya miaka mitano au sita chipu zikaanza kuchoka. Skrini zikazima. Kamera ya nyuma ikapotea, uwezo wa kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele ukapotea, hata sauti ya indiketa ikanyamaza. Mapema mwaka 2021, baada ya shinikizo la mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, kampuni iliyaita magari yapatayo 135,000 ya Model S na Model X ili kifaa hicho kirekebishwe. Kabla ya hapo, mwaka 2020, ilikuwa imeanza kuuza kompyuta mpya kwa wenye magari ya zamani kwa dola 2,500, bei iliyoshushwa baadaye hadi 1,500. Waliolipa walipata skrini yenye kasi na kivinjari kinachofungua kurasa za leo, na habari zikaandikwa kana kwamba hilo la kasi ndilo lililokuwa kubwa. Kubwa lilikuwa kwamba gari la bei mbaya, lenye mota nzima na betri inayofanya kazi, lilikuwa limefika ukomo wa chipu ndogo kuliko ukucha, na mwenyewe alikuwa na njia ya kuibadilisha.

Sasa linganisha miaka hiyo mitano au sita na umri wa magari tunayoendesha. Ukisimama Buzuruga asubuhi, IST, Noah, Probox na Hiace zinazopita mbele yako nyingi zilikwisha kula muongo mzima Japan kabla hazijapanda meli. Serikali inatoza ushuru wa uchakavu kwa magari yaliyopita miaka minane, na bado watu wanayanunua, kwa sababu hiyo ndiyo bei wanayoimudu. Gari la petroli la umri huo halina neno: fundi anajua injini, spea zipo, na redio ikifa hakuna safari inayovunjika. Gari la umeme la umri huohuo litatufikia wakati kompyuta yake imeshavuka, au inakaribia kuvuka, muda ambao mtengenezaji aliupanga kuihudumia. Hapo ni lazima nitenganishe aina za magari, maana hayafanani. Nissan Leaf za mwanzo, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa 2010, zina betri isiyopoozwa kwa kimiminika, kwa hiyo kwenye joto betri yenyewe ndiyo huanza kulia kabla ya skrini. Lakini kadiri magari yanavyokuwa mapya, betri zinapoozwa vizuri zaidi na zinadumu zaidi, huku kazi zinazosukumiwa kwenye skrini zikiongezeka.

Dalili za tatizo hili tunazo tayari, ila tumezizoea. Yupo dereva wa Igoma ambaye gari lake la Kijapani lina skrini nzuri katikati ya dashibodi, na tangu alinunue skrini hiyo inaonyesha maandishi ya Kijapani yanayodai kadi ya ramani ambayo aliyeliuza kwanza aliichomoa. Haipigi muziki, haionyeshi chochote. Juu yake amebandika kishikio cha simu, na simu ndiyo ramani, ndiyo redio, ndiyo kila kitu, waya wa chaja ukining'inia mbele ya gia. Hata redio zetu zilikuja na kasoro hiyohiyo: masafa ya FM ya Japan kwa miaka mingi yaliishia megahezi 90, wakati yetu yanapanda hadi 108, ndiyo maana wauza vifaa vya magari wanauza kile kidude cha kuongeza masafa. Tumeishi na mambo haya kwa sababu katika gari la petroli skrini ni kitu cha pembeni. Dereva yule wa Igoma anafanya kazi zake zote bila hiyo skrini. Katika gari ambalo muda wa kuchaji, kiwango cha kuchaji, kiyoyozi, taa na hata mwelekeo wa vioo vya pembeni vinapangwa kupitia skrini, maandishi asiyoyasoma si usumbufu mdogo tena.

Ramani nayo isichukuliwe kirahisi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita tatu lifunguliwe Juni 2025, safari ya kwenda Sengerema na Geita haingoji kivuko. Gari lenye ramani ya kabla ya hapo litakupeleka kwenye gati, na kama linapiga hesabu ya chaji kwa kufuata njia hiyo, hesabu yake nayo itakuwa ya njia isiyokuwepo. Kwa mwenye gari la petroli hilo ni jambo la kucheka na kupita. Kwa mwenye gari la umeme anayetaka kujua kama atafika Geita bila kutafuta soketi njiani, ni jambo la kujua kama atalala nyumbani.

Nije kwenye kivinjari, maana hapa ndipo penye hoja dhaifu kuliko zote ninazozisikia: kwamba kivinjari kwenye gari ni cha kuangalia video tu, hivyo kikiwa kizee au kikifa hakuna kilichoharibika. Mwaka 2016 watafiti wa usalama wa Keen Security Lab, kitengo cha kampuni ya Tencent ya China, waliingia kwenye mifumo ya Tesla Model S kwa kupitia kivinjari hichohicho. Gari liliunganishwa na mtandao wa waifai waliouandaa wao, kivinjari kikafungua ukurasa wao, na kutoka hapo wakapenya hatua kwa hatua hadi kwenye nyaya za mawasiliano zinazoendesha gari, wakafunga breki za gari wakiwa umbali wa kilomita 19 hivi. Kampuni ilituma marekebisho kwa njia ya intaneti ndani ya siku kumi. Mwaka 2019, katika mashindano ya udukuzi ya Pwn2Own mjini Vancouver, watafiti wawili waliidukua Model 3, tena kupitia kivinjari, wakapewa dola 35,000 na gari lenyewe. Kivinjari ni mlango. Ukiwa unafungwa kufuli jipya kila mara, ni mlango wa kawaida. Gari likifika mahali ambapo hakuna anayelitumia masasisho, mlango unabaki wazi na gari linaendelea kuunganishwa na waifai ya hoteli, ya gereji, ya simu ya abiria. Anayesema kivinjari kizee hakina madhara anazungumzia video, wakati wenye kujua kazi hiyo wameshaonyesha kwamba kinafika kwenye breki.

Hoja yenye uzito zaidi ni ya simu. Kila dereva ana simu, simu inabadilishwa kila baada ya miaka michache, ina ramani mpya, ina Kiswahili, ina laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole. Gari la nini kuwa na kivinjari? Ninakubaliana na sehemu kubwa ya hoja hiyo. Kwa muziki, ramani na malipo, simu itaishinda skrini ya gari kila siku. Ila simu inalihudumia gari pale tu gari linapokubali kuzungumza nayo. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la China, ambako huduma za Google hazifunguki, huja na mifumo ya huko na programu za huko, na laini ya ndani ya gari ni ya mtandao wa huko. Tesla nazo kwa miaka mingi zimeuzwa bila njia ya kuonyesha simu ya mwenye gari kwenye skrini, na kwa wenye magari hayo kivinjari ndicho kilichobaki kuwa njia ya kufika kwenye huduma ambazo mtengenezaji hakuzifikiria. Kwetu, ambako hakuna mtengenezaji atakayetuandalia programu ya vituo vya kuchajia vya Nyakato au taarifa za hali ya hewa ya ziwani, njia ya namna hiyo ina thamani kuliko ilivyo kwa mtu wa California. Kwa hiyo sisemi kila gari liwe na kivinjari. Nasema kama lipo nacho, kiwe kinasasishwa, na kama hakiwezi kusasishwa tena, kiweze kuzimwa kabisa.

Upande wa pili upo mwingine, nao nauheshimu: wanaosema tusinunue kompyuta zenye magurudumu hata kidogo. Wana mifano mizuri. Kaskazini mwa nchi, baadhi ya Land Cruiser za utalii zimeondolewa injini za dizeli na kuwekewa mota na betri, dashibodi ikabaki ileile ya vitufe na swichi, na zinapeleka wageni mbugani. Jarida la magari la Sweden, Vi Bilägare, lilifanya jaribio mwaka 2022: madereva wakiwa kwenye mwendo wa kilomita 110 kwa saa waliagizwa kufanya kazi chache za kawaida za dashibodi. Kwenye Volvo V70 ya mwaka 2005, yenye vitufe, ilichukua sekunde 10. Kwenye MG Marvel R, gari la umeme la kisasa, ilichukua sekunde 44.6, na muda huo gari lilikuwa limekata zaidi ya kilomita 1.3. Ujerumani, mwaka 2020, mahakama ya Karlsruhe ilithibitisha adhabu ya faini na kufungiwa kuendesha kwa mwezi mmoja dhidi ya dereva wa Tesla aliyepata ajali akirekebisha kasi ya waipa kwenye skrini wakati wa mvua. Anayeijua mvua ya Mwanza, ile inayoshuka kutoka ziwani ghafla ukiwa Barabara ya Nyerere saa moja jioni, katikati ya bodaboda na mikokoteni, hahitaji mahakama imwambie kwamba waipa haistahili kutafutwa kwenye menyu. Ulaya kwenyewe wameanza kurudi nyuma: kuanzia 2026, chombo cha kupima usalama wa magari cha Euro NCAP kinataka indiketa, taa za dharura, honi, waipa na mwito wa dharura viwe na vidhibiti vya kushikika kwa mkono, la sivyo gari linapoteza alama. Volkswagen nayo imetangaza kuvirudisha vitufe.

Lakini hoja hii, pamoja na ukweli wake, inaishia njiani. Gari la umeme halikwepi kompyuta, kwa sababu betri yenyewe inahitaji kompyuta ya kuilinda isichajiwe kupita kiasi na isipate moto. Kinachowezekana, na ndicho tunachopaswa kukidai, ni kuzitenganisha: kompyuta ya betri na mota ifanye kazi yake hata kama ya skrini imekufa. Leaf za zamani zinatuonyesha faida yake. Aprili 2024, Nissan iliizima Uingereza programu ya simu ya Leaf za kabla ya 2016, ikieleza kwamba zinategemea 2G, teknolojia ya zamani ya mtandao wa simu iliyo njiani kuondolewa. Wenye magari walikasirika, na walikuwa na haki, ila walichopoteza ni kuwasha kiyoyozi na kupanga chaji wakiwa mbali. Magari yaliendelea kutembea na kuchajiwa. Ndiyo tofauti kati ya gari lililozeeka sehemu moja na gari lililokufa.

Wanaotegemea masasisho ya hewani pekee, yaani yale yanayotumwa kwa intaneti, waitazame Fisker. Kampuni hiyo ya Marekani iliomba ulinzi wa kufilisika Juni 2024, ikiwa imeuza maelfu ya magari ya Ocean yanayotegemea programu kutoka kwenye mitambo yake. Wenye magari walilazimika kuunda umoja wao kutafuta namna ya kuyafanya yaendelee kuhudumiwa. Hao ni watu wenye mawakili, wahandisi na intaneti ya uhakika. Gari la kampuni iliyofilisika likiletwa Mwanza na dalali, mnunuzi hatakuwa na umoja wowote wa kujiunga nao.

Kuna matumaini mengine ninayoyasikia, kwamba mafundi wetu watalimaliza hili kama walivyolimaliza la simu. Nusu yake ni kweli, na ni nusu ya kujivunia. Kazi ya kuing'oa ile chipu ya GB 8, kunakili kilichomo na kuchomelea kubwa zaidi, mafundi binafsi wa Marekani na Ulaya waliifanya kwa miaka kabla kampuni haijayaita magari. Ni kazi ileile anayoifanya fundi simu wa katikati ya jiji letu: bodi kwenye kishikio, blowa mkononi, anapasha chipu mpaka risasi iliyoishikilia ilegee, anainyanyua kwa kibano, anasafisha miguu yake na kuweka nyingine. Mikono ipo. Kinachomkwamisha fundi ni kufuli za programu. Chipu ikifa kabisa kabla haijanakiliwa, inaondoka na funguo za siri ambazo gari linazitumia kujitambulisha kwa kampuni, na fundi hana pa kuzipata. Vipuri vingine havikubali kazi mpaka vitambulishwe na kompyuta ya mtengenezaji. Ndiyo sababu mwaka 2020 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts, kwa takriban robo tatu ya kura, waliunga mkono sheria inayowalazimisha watengenezaji kufungua taarifa za magari yanayounganishwa na intaneti kwa wenye magari na mafundi wa nje. Huko Marekani, nchi yenye maduka mengi ya kampuni za magari, wameiona haja hiyo. Sisi tulio mbali na kila karakana ya kampuni tuna haja kubwa zaidi, na hatujaanza hata kuizungumza.

Kompyuta hiyo pia inabeba mtu. Mwaka 2020 mtafiti mmoja alinunua mtandaoni kompyuta za Tesla zilizotolewa kwenye magari wakati wa maboresho, akakuta ndani yake namba za simu, mahali pa nyumbani na nywila za waliokuwa wenye magari. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake. Gari la umeme linalobadilisha mikono Kirumba linapaswa kuhesabika kama kompyuta inayobadilisha mikono: lifutwe, na akaunti ya mwenye gari wa kwanza iondolewe, kwa kuwa akaunti hiyo inaweza kuwa bado na uwezo wa kuona gari lilipo na kulifungua milango.

Nini kifanyike, basi? Mnunuzi wa kawaida, kabla ya kuuliza gari linakwenda kilomita ngapi, aulize skrini inabadilika lugha au haibadiliki, gari linakubali intaneti ya simu ya hapa au halikubali, na kompyuta ikifa gari litachaji au halitachaji. Hayo yanajaribiwa yadini kwa dakika chache, hakuna haja ya mtaalamu. Kwa magari mapya mzigo uwe wa serikali. Shirika la Viwango linakagua breki na taa za magari yanayoingia, na hakuna sababu ya kuacha kukagua kama kompyuta ya gari inazungumza Kiswahili au Kiingereza, na kama muuzaji ametaja kwa maandishi ataihudumia kwa miaka mingapi. Halmashauri, hospitali na kampuni za migodi za kanda hii, zinazonunua magari kwa zabuni, zina nguvu ambayo mnunuzi mmoja hana. Zabuni ikidai kompyuta ya akiba, mwongozo wa fundi na haki ya kuiboresha bila kumpigia magoti mtengenezaji, wauzaji watayatoa, maana wanayatoa kwingine.

Na si lazima yote yatoke mbali. Upande wa pili wa ziwa, Jinja, kampuni ya Kiira Motors ya Uganda ina kiwanda cha magari. Imetokana na mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere uliotoa gari la Kiira EV mwaka 2011, na leo inaunda mabasi ya umeme ya Kayoola. Basi lililoundwa Jinja likiharibika kompyuta Mwanza, mhandisi anayeijua yuko kando ya ziwa hilihili, si Shenzhen wala California, na anazungumza lugha ambayo fundi wa Mabatini anaielewa. Jiji likifika siku ya kuagiza mabasi ya umeme kwa njia ya Igoma na Nyegezi, bei ya basi itakuwa namba moja kwenye karatasi. Miaka ambayo kompyuta yake itahudumiwa, umbali wa anayeihudumia na gharama ya kuibadilisha viandikwe kwenye karatasi hiyohiyo, vikiwa na alama zake kwenye tathmini ya zabuni.